Mapatano ya Kurudishana Wahalifu, na Habari za Mtoro John Anderson



Katika mazungumzo ya leo nataka kuwaeleza jambo ambalo mataifa rafiki yamebishana juu yake kwa muda mrefu. Mtu akitenda kosa katika nchi moja, kisha akakimbilia nchi ya pili, je, yaipasa nchi ile iliyompokea kumkamata na kumrudisha?

Kwa kusikia mara ya kwanza, jibu laonekana kuwa rahisi. Mtu akiiba ng'ombe kijijini kwako, akakimbilia kijiji cha ndugu yako, utatazamia ndugu yako akukabidhi mwizi wako. Akikataa, utasema kwamba udugu wenu ni wa mdomo tu. Lakini na tufikiri mara ya pili. Itakuwaje ikiwa mtu yule hakuiba? Itakuwaje ikiwa tendo liitwalo kosa kijijini kwako si kosa kijijini kwa ndugu yako? Na itakuwaje ikiwa shitaka la ng'ombe ni kisingizio tu, na kumbe kuna kisasi kingine moyoni? Basi maswali hayo matatu ndiyo yaliyowasumbua majaji, mawaziri na watu wa kawaida katika habari nitakayowasimulia.

Desturi ya kurudishana watoro ni ya kale sana. Yapata mwaka 1259 kabla ya Kristo, Ramses wa Pili, mfalme wa Misri, alifanya mapatano ya amani na Hattusili, mfalme wa Wahiti. Maneno yake yalichongwa katika kuta za hekalu la Karnak, na nakala ya Wahiti iliandikwa katika vibao vya udongo. Wafalme wale waliahidiana kwamba kila mmoja atamrudishia mwenziwe watu waliomkimbia. Lakini waliongeza neno moja la kustahili kukumbukwa: mtu aliyerudishwa asiuawe, wala asiharibiwe macho yake, wala masikio, wala mdomo, wala miguu, na nyumba yake, mkewe na watoto wake wasiguswe. Kwa hiyo hata zamani zile watu walijua kwamba kumtoa mtu mkononi mwako ni jambo zito, na kwamba anayemtoa anaulizwa habari za yatakayompata. Nayo Torati iliwakataza Waisraeli kumrudisha kwa bwana wake mtumwa aliyekimbilia kwao.

Sasa na tuyaache hayo ya kale, tuje kwa mataifa mawili yaliyokuwa kwanza maadui na baadaye marafiki wakubwa, yaani Uingereza na Marekani. Mwaka 1794, miaka michache tu baada ya Wamarekani kujipatia uhuru wao, nchi hizo mbili zilipatana, pamoja na mambo mengine, kurudishana watu walioshitakiwa kwa kuua na kwa kughushi hati. Mwaka 1799 Waingereza walidai baharia mmoja aliyekamatwa Charleston, katika Carolina ya Kusini. Walisema kwamba yeye ni Thomas Nash, mmoja wa mabaharia walioasi na kuwaua wakubwa wao katika manowari iliyoitwa Hermione mwaka 1797. Yeye mwenyewe alisema jina lake ni Jonathan Robbins, Mmarekani wa Danbury, Connecticut, na kwamba Waingereza ndio waliomtia katika manowari ile kwa nguvu. Rais John Adams alimpelekea jaji neno kwamba mtu huyo akabidhiwe ikiwa ushahidi unatosha. Akakabidhiwa, akapelekwa Jamaika, akahukumiwa na baraza la askari wa majini, akanyongwa.

Watu wa Marekani walighadhibika. Wengi waliuliza kama ni haki Rais kumwambia jaji neno katika shauri la uhai wa mtu, tena bila wazee wa baraza kusikiliza kama yule ni Mmarekani au siyo. Shauri lilipelekwa katika Bunge lao, likazungumzwa kwa ukali mwingi. Mapatano yale yalipofika mwisho wa muda wake hayakufanywa upya, na kwa miaka mingi hapakuwa na mapatano ya namna hiyo kati ya nchi hizo.

Lakini mpaka kati ya Marekani na Kanada, iliyokuwa koloni la Uingereza, ni mrefu mno. Wauaji na wanyang'anyi walivuka mto mmoja tu, wakakaa ng'ambo wakiwacheka askari. Hao hawakuwa watu wa kuhurumiwa. Pamoja nao, hata hivyo, walivuka watu wa namna nyingine kabisa. Utumwa ulikwisha kukomeshwa katika makoloni ya Uingereza kwa sheria iliyoanza kazi tarehe 1 Agosti 1834, lakini katika majimbo ya kusini ya Marekani ulikuwa bado una nguvu. Basi mtumwa aliyeweza kuikanyaga ardhi ya Kanada alikuwa mtu huru.

Mwaka 1841 mtumwa mmoja wa Arkansas, jina lake Nelson Hackett, alimpanda farasi wa bwana wake, akachukua koti na saa ya dhahabu, akakimbia mpaka Kanada. Bwana wake hakumdai kama mtumwa, kwa maana alijua kwamba hatampata. Alimdai kama mwizi. Gavana wa Kanada, Sir Charles Bagot, alikubali, na mwaka 1842 Hackett alirudishwa Arkansas. Huko alipigwa mijeledi mbele ya watu, kisha akauzwa tena. Angalieni basi jinsi neno moja, wizi, lilivyoweza kutumiwa kama kamba ya kumvutia mtu utumwani.

Mwaka ule ule, tarehe 9 Agosti 1842, Lord Ashburton wa Uingereza na Daniel Webster wa Marekani walitia sahihi mapatano mapya. Sharti la 10 liliagiza kurudishana watu walioshitakiwa kwa makosa saba: kuua, kushambulia kwa nia ya kuua, uharamia, kuchoma nyumba kwa makusudi, kunyang'anya kwa nguvu, kughushi hati, na kutoa hati iliyoghushiwa. Wizi mtupu haukutiwa, wala maasi ya melini. Tena liliwekwa neno la kulinda: mtu asitolewe mpaka ushahidi uwe umeonyeshwa, nao uwe ni ushahidi ambao ungetosha kumpeleka hukumuni kwa sheria za mahali alipokamatwa, kama kosa lile lingalitendeka papo hapo.

Wapinga utumwa wa London hawakutulia. Walisema: mtumwa akimpiga au akimwua mtu anayemzuia njiani, hamtamwita mwuaji? Serikali ilijibu kwamba mapatano hayakufanywa kwa ajili ya kuwarudisha watumwa. Lakini swali lenyewe halikujibiwa. Likalala kama moto chini ya majivu, hata miaka 18 ikapita.

Sasa nawasimulia habari za mtu aliyeufukua moto huo. Alizaliwa utumwani Missouri, yapata mwaka 1831, na siku zile aliitwa Jack. Baadaye alijiita John Anderson. Alimwoa mwanamke wa shamba la jirani, Maria, wakapata mtoto. Mwaka 1853 bwana wake alimwuza kwa mtu wa wilaya nyingine, mbali na mkewe, na bwana yule mpya alimkataza kwenda kumwona tena. Anderson akaamua kutoroka.

Njiani alikutana na mwenye shamba mmoja, Seneca Digges. Kwa sheria ya Missouri, mtu yeyote aliweza kumkamata mtumwa aliyekuwa mbali na kwao bila cheti cha ruhusa, na mkamataji alipewa ijara. Digges alimwamuru afuatane naye. Anderson alikimbia, naye Digges akawaagiza watumwa wake wamfukuze. Walimwandama muda mrefu. Mwishowe Digges alimkingamia mbele, na Anderson, mwenye kisu mkononi, alimchoma. Digges alikufa baada ya siku kadhaa, akaacha mke na watoto. Anderson alitembea usiku na kujificha mchana mpaka akavuka kuingia Kanada. Huko alijifunza kusoma, akawa fundi wa kupiga lipu, akaishi kwa jasho lake.

Mwaka 1860 habari zake zilijulikana. Alikamatwa, akafungwa katika gereza la Brantford, nayo Marekani ikamdai kwa shitaka la kuua. Hapo ndipo fundo lilipokaza. Mapatano yalitaja kuua. Digges alikuwa amekufa, na mkono uliomwua ulijulikana. Lakini Anderson aliua akiwa anautetea uhuru wake, na katika Kanada hapakuwa na mtu mwenye ruhusa ya kumkamata mwenziwe na kumfanya mtumwa. Je, kosa lipimwe kwa sheria ya Missouri au kwa sheria ya Kanada?

Shauri lilisikilizwa Toronto na majaji watatu wa mahakama iliyoitwa Queen's Bench. Tarehe 15 Desemba 1860 walitoa hukumu, na watu wengi walijaa ndani na nje kuingojea. Jaji Mkuu John Beverley Robinson hakuwa mtu wa kuupenda utumwa. Lakini alisema kwamba Digges alitenda jambo lililoruhusiwa na sheria za kwao. Kwa hiyo kumwua kulikuwa ni kuua kwa sheria zile, na mapatano lazima yatimizwe. Jaji Burns alikubaliana naye. Jaji wa tatu, Archibald McLean, alikataa. Kwa maoni yake, mahakama ya nchi huru haiwezi kuihesabu sheria ya utumwa kuwa ndiyo kipimo, wala haiwezi kumwita mtu mwuaji kwa kuwa alizuia asitiwe minyororo tena. Wawili walimshinda mmoja, ikaamriwa kwamba Anderson arudishwe.

Nawaomba, wasikilizaji, msimdharau upesi Jaji Robinson. Aliogopa jambo la kweli. Ikiwa kila jaji atachagua sheria ya jirani impendezayo na kuikataa isiyompendeza, mapatano yatakuwa karatasi tu, na nchi itakuwa pango la wauaji. Nao watu wa nyumba ya Digges walikuwa na haki ya kuomba kwamba kifo chake kichunguzwe. Lakini jibu la McLean lilikuwa na uzito wake pia: Anderson angepelekwa mbele ya wazee gani? Wale ambao kwa sheria yao yeye hakuwa mtu, bali mali.

Shauri halikubaki mikononi mwa majaji peke yao. Magazeti ya Toronto yaligawanyika. Watu walikusanyika katika ukumbi wa St Lawrence Hall kuipinga hukumu. Watu weusi wa Kanada, ambao wengi wao walikuwa wamevuka mpaka ule ule kwa njia ile ile, walijua vema kwamba siku Anderson atakaporudishwa, hakuna hata mmoja wao atakayelala usingizi. Kwa maana ni nani aliyetoroka utumwani bila kunyosheana mikono na mtu njiani, au bila kuchukua farasi, mashua au nguo? Na wakati ule Marekani yenyewe ilikuwa ikipasuka: tarehe 20 Desemba 1860, siku tano tu baada ya hukumu ile, Carolina ya Kusini ilijitenga na nchi nyingine kwa ajili ya mambo ya utumwa.

Habari zilivuka bahari. Mnamo Januari 1861 katibu wa chama cha kupinga utumwa cha London, Louis Chamerovzow, aliomba mahakama ya Uingereza itoe hati ya kuamuru mfungwa yule aletwe mbele ya majaji. Hati ikatolewa. Wakanada, hata wale waliomtakia Anderson mema, walichukizwa: majaji wa London wana kazi gani na gereza la Kanada, nchi yenye mahakama zake? Lakini kabla hati haijatumika, mawakili wa Anderson walikwisha kwenda katika mahakama nyingine ya Toronto, Common Pleas. Tarehe 16 Februari 1861 Jaji Mkuu William Henry Draper na wenziwe walitoa uamuzi. Waliiona hati ya kumfunga ina upungufu: ilisema kwamba alichoma na kuua, wala haikutaja neno lile hasa la kosa lililoandikwa katika mapatano. Kwa hiyo Anderson akafunguliwa.

Watu walishangilia barabarani. Lakini wenye kufikiri waliona kwamba mtu ameokoka kwa kosa la karani, wala si kwa jibu la swali. Jibu kamili lilikuja mwaka 1865, Marekani ilipoukomesha utumwa katika nchi yote kwa sheria yake kuu. Anderson mwenyewe alikwenda Uingereza mwaka 1861, akasoma huko Corby, na mwisho wa mwaka 1862 alipanda meli kwenda Liberia.

Hata hivyo mabishano yale hayakupotea bure. Mwaka 1862 Bunge la Uingereza liliamua kwamba hati ya namna ile isitolewe tena London kwa koloni lenye mahakama yenye uwezo wa kuitoa. Mwaka 1870 likafanya sheria kubwa ya kurudishana wahalifu. Sheria hiyo ilikataza kumtoa mtu anayetakiwa kwa ajili ya siasa. Tena ilitaka ahadi kwamba mtu aliyetolewa kwa kosa moja hatahukumiwa kwa kosa jingine la nyuma mpaka apewe nafasi ya kurudi alikotoka. Kumbukeni Hackett, mpate kujua ahadi hiyo ina maana gani.

Ahadi hiyo nusura ivunje mapatano. Mwaka 1876 Marekani ilimdai mtu wa Boston aliyeshitakiwa kwa kughushi. Uingereza ikataka ahadi; Marekani ikajibu kwamba mapatano ya mwaka 1842 hayakutaja neno hilo. Mshitakiwa akafunguliwa, na kwa muda wa miezi kadhaa nchi hizo hazikurudishana mtu. Mwishowe wakaanza tena, na mwaka 1886 Mahakama Kuu ya Marekani yenyewe, katika shauri la baharia Rauscher, ikakubali kwamba mtu aliyerudishwa kwa kosa moja ahukumiwe kwa hilo tu. Lililodaiwa na mmoja kwa ugomvi likawa sheria ya wote wawili.

Mnaweza kudhani kwamba mabishano hayo yalikwisha pamoja na utumwa. La. Tarehe 31 Machi 2003 Uingereza na Marekani zilitia sahihi mapatano mengine, na tangu Januari 2004 Marekani haikulazimika tena kuonyesha katika mahakama ya Uingereza ushahidi wa kutosha kumpeleka mtu hukumuni. Bunge la Wakubwa la Marekani, yaani Seneti, halikuyakubali mapatano yale mpaka Septemba 2006, na yalianza kufuatwa kamili Aprili 2007. Kwa hiyo watu wengi wa Uingereza walinung'unika kwamba mizani imeinamia upande mmoja. Walimtaja sana mtu wao mmoja aliyeshitakiwa kwa kuingia bila ruhusa katika kompyuta za majeshi ya Marekani, hali yeye alikuwa ameketi nyumbani kwake London. Mwaka 2011 jaji mstaafu, Sir Scott Baker, aliyepewa kazi ya kuchunguza, alisema kwamba mapatano hayakuinama. Lakini Oktoba 2012 Waziri wa Mambo ya Ndani, Theresa May, alikataa kumtoa mtu yule kwa sababu ya ugonjwa wake na hatari ya kujiua. Mwaka 2013 Bunge liliwapa majaji uwezo wa kuuliza kama inafaa zaidi mtu ahukumiwe nyumbani, ikiwa sehemu kubwa ya tendo lake ilitendeka huko.

Upande wa pili pia uliwahi kukataa. Mwaka 2019 kijana Mwingereza aligongwa na gari Northamptonshire akafa, na mwanamke Mmarekani aliyekuwa akiliendesha alirudi kwao. Uingereza ilimdai, Januari 2020 Marekani ilikataa kumtoa. Mwaka 2022 alikiri kosa mbele ya mahakama ya London, naye yuko kwao Marekani, sauti na sura yake zikiletwa kwa mitambo. Wazazi wa marehemu walikuwa wamesafiri na kusema hadharani muda mrefu kabla ya siku hiyo.

Sisi wa pwani hii tumelijua swali hili kwa njia yetu. Mwaka 1888 watumwa watoro wapatao 1,400 walionekana wamekimbilia Rabai na vituo vingine vya misheni karibu na Mombasa. Mabwana zao walikuwa raia wa Sultani, rafiki wa Waingereza, nao waliwataka. George Mackenzie, mkuu wa kampuni ya Kiingereza iliyoshika nchi, hakuwarudisha wala hakuwavunjia mabwana urafiki. Alilipa fidia, na watoro wakapewa hati za uhuru. Yeye alilifungua fundo kwa fedha. Lakini si kila fundo hufunguka hivyo.

Basi tumejifunza nini? Wahenga walisema, msema pweke hushinda. Mapatano ya kurudishana wahalifu ni mazuri, maana bila hayo mwuaji huvuka mto akacheka. Lakini anayedaiwa si mhalifu bado. Ni mshitakiwa, na katika nchi ngeni hana jamaa wa kumsemea. Asipopewa nafasi ya kusikilizwa na jaji asiyemwogopa waziri, basi anayemdai atakuwa amesema pweke. Vizuizi tunavyoviona leo katika sheria, yaani ushahidi, kosa kutajwa wazi, na ahadi ya kutomgeuzia mtu shitaka, havikuletwa na mabalozi kwa hiari yao. Viliingizwa mmoja mmoja kwa kuwa watu wa magazeti, wa makanisa na wa mikutano ya hadhara walikataa kunyamaza.

Wengine husema kwamba rafiki wa kweli haulizi maswali. Mimi nawaambia, rafiki wa kweli ndiye awezaye kuulizwa. Nchi mbili zilizopatana zikiulizana, "Mtu huyu mwamtakia nini, na mna ushahidi gani?" hazivunji urafiki wao, ndizo zinazoulinda, pamoja na uhai wa yule aliyesimama kizimbani akingoja jibu.